Kula kwa saa huru ndani ya meli ya kitalii

Ukikata tiketi ya meli ya kitalii, kabla hujamaliza kujaza fomu utaulizwa jambo moja ambalo abiria wa mara ya kwanza huwa hajalitarajia: chakula cha jioni utakula zamu ya kwanza, zamu ya pili, au kwa saa huru? Wapo wanaochagua saa huru papo hapo, kwani nani anataka kupangiwa muda wa kula akiwa mapumzikoni? Wapo wanaoiogopa wakidhani wataongezewa hela. Swali lenyewe linagusa kila jioni ya safari nzima, kwa hiyo linastahili kueleweka kabla ya kujibiwa.

Kula kwa saa huru maana yake ni kwamba hupangiwi saa wala meza. Ukumbi mkuu wa chakula unafunguliwa kwa kipindi kirefu, mara nyingi kuanzia kama saa 11:30 jioni hadi saa 3:30 usiku, na ndani ya kipindi hicho unakwenda wakati wowote, leo mapema, kesho umechelewa. Unakaa na wale uliokwenda nao. Hakuna malipo ya ziada, kwa sababu ukumbi mkuu umo ndani ya nauli kwa kila abiria. Kila kampuni ina jina lake la biashara: kwa Royal Caribbean ni My Time Dining, kwa Carnival ni Your Time Dining. Majina ni tofauti, utaratibu unakaribiana sana.

Utaratibu wa zamani ni wa zamu. Abiria wanagawanywa mafungu mawili: wa kwanza wanakaa mezani kama saa 11:30 au saa 12 jioni, wa pili kama saa 2 au 2:30 usiku. Unapewa namba ya meza, na meza hiyo ni yako hadi siku ya kushuka, na wahudumu wale wale, na mara nyingi abiria wenzako wale wale.

Zamu zilitokana na ufinyu wa nafasi. Ukumbi wa kuwaketisha abiria wote kwa pamoja ungemeza sehemu kubwa mno ya meli, kisha ubaki mtupu muda mwingi wa siku. Ukiwagawa watu mara mbili, ukumbi nusu ya ukubwa huo unatosha. Jiko nalo linafaidika: mpishi mkuu anajua kwamba ikifika saa 12 watu fulani wameketi, supu itoke lini, nyama iingie motoni lini, na sahani za mwisho zirudi saa ngapi ili meza zitandikwe upya. Hata maonyesho ya ukumbi wa burudani hupangwa kufuata zamu hizo, walioshiba mapema waone onyesho lao wakati wengine wanakula. Ratiba yote ya jioni melini ilijengwa juu ya saa hizo mbili.

Wazo la kumwacha abiria ale atakapo si geni, ila lilianza likiwa la wenye fedha. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iitwayo Amerika, ya kampuni ya Hamburg-Amerika, ilikuwa na mgahawa wa Ritz-Carlton ambako abiria aliagiza chakula kutoka kwenye orodha na kukilipia, badala ya kufuata mlo uliopangwa kwa wote. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na mgahawa wa namna hiyo kwa abiria wa daraja la kwanza. Walio chini ya hapo waliketi walipoambiwa waketi.

Uhuru huo ulimfikia abiria wa kawaida kwa kishindo mwaka 2000, pale Norwegian Cruise Line ilipoanzisha mtindo wake wa Freestyle Cruising. Zamu zikaondolewa, meza za kudumu zikaondolewa, na masharti ya mavazi yakalegezwa. Kampuni nyingine zikafuata, lakini nyingi hazikuthubutu kuzifuta zamu kabisa. Ziliweka njia zote mbili melini, na ndiyo maana leo fomu inakuuliza.

Kuna tukio moja la baadaye linalofundisha kuliko maelezo mengi. Mwaka 2014 Royal Caribbean ilipoizindua Quantum of the Seas, ilikuja na mpango ulioitwa Dynamic Dining. Badala ya ukumbi mmoja mkubwa kulikuwa na migahawa kadhaa isiyo na malipo ya ziada, na abiria alitakiwa aweke nafasi mwenyewe kila jioni, mgahawa anaoutaka na saa anayoitaka. Kwenye karatasi huo ni uhuru mtupu. Kwa vitendo, watu walijikuta wanapanga na kupangua nafasi, saa nzuri zimeshachukuliwa, na malalamiko yakawa mengi. Haukupita muda mrefu kampuni ikaurudisha utaratibu wa zamu pamoja na saa huru.

Hapo ndipo ilipo maana halisi ya dhana hii. Jumla ya viti haibadiliki, na idadi ya watu wenye njaa haibadiliki. Meli kubwa kabisa za leo zinabeba watu wengi ajabu. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria hadi 7,600. Kwenye zamu, kazi ya kuwagawa watu hao juu ya viti inafanywa na kampuni, na wewe unalipa kwa kutii saa. Kwenye saa huru kazi hiyo unaifanya wewe mwenyewe, na unalipa ama kwa kusubiri, ama kwa kuweka nafasi mapema, ama kwa kula wakati wengine hawali.

Chukua jioni ya kawaida kwenye mlango wa upande wa saa huru. Ikifika saa 11:45 unapita moja kwa moja. Mhudumu wa mlangoni anatazama kishikwambi chake, anakuuliza mko wangapi, na kabla hujamaliza kujibu unaonyeshwa meza. Rudi saa 1 usiku. Foleni imejikunja hadi kwenye ngazi, watu wameshavaa vizuri, watoto wameanza kulalamika, na anayefika anapewa kifaa kidogo kitakachotetemeka meza yake ikiwa tayari, au anaambiwa atapata ujumbe kwenye simu. Ikifika saa 2:30 foleni imeyeyuka. Msongamano ni wa kati ya saa 12:30 na saa 2, na anayeukwepa muda huo mara nyingi hajui hata kama kuna foleni.

Idadi yenu ina uzito pia. Wawili wanaong'ang'ania meza yao peke yao wanaweza kusubiri zaidi ya wawili walio tayari kuketi na wengine, kwa sababu meza za watu wawili huwa chache. Familia ya watu kumi nayo ina shida yake: lazima meza kubwa ipatikane, au meza mbili zilizo jirani ziwe tupu kwa wakati mmoja. Kwa kundi kama hilo ningeshauri zamu bila kusita. Na kama lazima liwe saa huru, basi liweke nafasi kupitia programu ya kampuni kwenye simu. Kampuni nyingi zinaruhusu hivyo, na hata kuweka saa moja ile ile kwa siku zote za safari, ambako kwa kweli mtu anakuwa amejitengenezea zamu yake mwenyewe kwa saa isiyo ya kampuni. Naiona ndiyo njia bora ya kuutumia mpango huu, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoijua.

Orodha ya vyakula ya upande wa saa huru kwa kawaida ni ile ile ya upande wa zamu usiku huo. Jiko ni lile lile. Anayekuambia kwamba upande mmoja unakula vizuri zaidi kwa kawaida anazungumzia bahati ya jioni moja. Masharti ya mavazi nayo hayaondoki kwa sababu tu umechagua saa huru: kama kuna usiku wa mavazi rasmi, unakuhusu, isipokuwa kwenye kampuni zilizoachana na utaratibu huo kabisa.

Kinachobadilika sana ni mhudumu. Kwenye zamu, siku ya kwanza mnajuana majina. Siku ya pili ameshajua kwamba hunywi kahawa usiku. Siku ya tatu unaketi na kukuta maji yasiyo na barafu yako tayari, mtoto ameletewa matunda yaliyokatwa kabla hajaanza kusumbua, na mhudumu anakunong'oneza kwamba samaki wa leo ni mzuri kuliko nyama. Watu huagana nao kwa machozi siku ya kushuka, na siyo ajabu. Kwenye saa huru unaweza kupata mhudumu mpya kila usiku, hodari vilevile, lakini kila usiku unaanza upya. Ukimpenda mmoja, unaweza kumwomba wa mlangoni akuweke kwenye meza zake. Mara nyingi watakubali, ila huenda ukasubiri kidogo.

Kwa mtu mwenye mzio wa chakula, tofauti hii inavuka starehe na kuingia kwenye usalama, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Mwenye mzio wa karanga, samakigamba kama kamba na kaa, maziwa au ngano anatakiwa kuitaarifu kampuni kabla ya safari, na taarifa hiyo inaingia kwenye kumbukumbu zake. Lakini kumbukumbu kwenye kompyuta ni jambo moja, na mtu anayekukaribia na sahani ni jambo jingine. Kwenye zamu, mhudumu yule yule na msimamizi wake wanakujua kwa sura. Mara nyingi msimamizi anakuletea orodha ya kesho leo usiku, unachagua, na jiko linakutengenezea chako pembeni. Kwenye saa huru huduma hiyo ipo, ila ni juu yako kumwita msimamizi na kulieleza tena jambo lako kila unapoketi kwa mhudumu mpya, hata kama umelichoka, hata kama nyuma yako kuna foleni. Kwa mwenye mzio mkali, mimi ningechagua zamu. Anayehitaji chakula halali naye aulize na aombe mapema, kabla ya kupanda, kwa utaratibu wowote atakaouchagua.

Upande wa pili, kuna safari ambazo zamu inakuwa mzigo. Tazama siku za bandarini. Meli imetia nanga asubuhi, mmetembea mji mzima juani, mwisho wa kupanda ni saa 11:30 jioni. Mwenye zamu ya kwanza anapanda melini na vumbi miguuni huku meza yake inamsubiri. Ama akimbie kuoga, ama aikose na kwenda bufe. Safari yenye bandari nyingi mfululizo inamfaa sana mtu wa saa huru. Safari yenye siku nyingi za bahari tupu, ambako hakuna kinachokuchelewesha, haina haja hiyo.

Anayesafiri peke yake afikirie zaidi ya saa. Meza ya kudumu yenye watu sita au wanane inampa marafiki tangu usiku wa kwanza bila kujitafutia. Kwenye saa huru anaweza kuomba meza ya kuchanganyika na wengine, na atapewa, ila kila jioni atakuwa na wageni wapya. Kuna wanaolipenda hilo kweli kweli.

Baadhi ya kampuni zimechanganya mambo kwa namna yao. Disney inawazungusha abiria kwenye migahawa mitatu, kila usiku mmoja, na wahudumu wao wanahama pamoja nao, kwa hiyo unabadilisha mandhari bila kumpoteza anayekujua. Kwenye meli za Cunard, abiria wa vyumba vya hadhi ya Grill wana meza yao ya kudumu na bado wanakwenda saa waitakayo ndani ya muda wa mgahawa kuwa wazi. Hao wamepata vyote viwili, na bei ya vyumba vyao inalijua hilo.

Tusichanganye saa huru na bufe. Bufe, ambayo mara nyingi iko sitaha ya juu karibu na bwawa la kuogelea, iko wazi kwa kila abiria wa utaratibu wowote. Vivyo hivyo migahawa maalumu ya kulipia, ambayo ina malipo yake na nafasi zake za kuwekwa, na chakula cha kuletewa chumbani, ambacho kampuni nyingine hutoza ada yake. Mtu wa zamu hajafungwa: akitaka kuiacha meza yake usiku mmoja aende kwingine, anakwenda. Ni ustaarabu tu kumwambia mhudumu wake mapema, asimshikie chakula.

Kuhusu bakshishi, kampuni nyingi huongeza kiasi fulani kwa kila abiria kwa kila siku na kukigawa kwa wafanyakazi, wakiwemo wa ukumbi wa chakula, uwe wa zamu au wa saa huru. Kuna ambazo zimewahi kumtaka aliyechagua saa huru ailipe kabla ya safari, kwa kuwa hana mhudumu mmoja wa kumpa mkononi siku ya mwisho. Soma masharti ya tiketi yako.

Na ukishagundua umechagua visivyo, nenda kwa mkuu wa ukumbi siku ile ile ya kupanda. Kwa kawaida huwekwa mahali na saa maalumu ya kushughulikia meza, na hutangazwa kwenye ratiba ya siku. Kutoka zamu kwenda saa huru huwa rahisi. Kinyume chake ni kigumu, hasa kuingia zamu ya kwanza, inayopendwa na familia zenye watoto na ambayo hujaa mapema. Kama imejaa, andikisha jina kwenye orodha ya wanaosubiri na uulizie tena kesho yake, kwa sababu usiku wa kwanza ukipita kuna ambao hawakutokea na wengine wameomba kuhamishwa.