Bwawa la bakteria limekufa, tatizo si bakteria

Wiki iliyopita niliitwa kiwanda kimoja cha kubangua korosho huku Mtwara, sikitaji, bwawa lao la kusafishia maji limekufa. Limekufa kweli, lile tope la kahawia lenye bakteria wanaokula uchafu wa maji limekuwa jeusi linanuka, na bosi ananiambia injinia niletee bakteria wengine. Nikamwambia bosi hata nikikuletea lori zima hawamalizi wiki, unawalisha sumu.

Na sumu yenyewe huku nani haijui? Mama zetu wanaobangua kwa mkono wanajipaka majivu ili mafuta ya ganda yasiwababue. Yale mafuta yana asidi anakadiki, kadoli na kadanoli, wote ukoo wa fenoli (kemikali kali zenye pete ya kaboni), sasa korosho zikipigwa mvuke sehemu yake inaingia kwenye maji. Kitu kinachobabua mkono wa mtu, bakteria mwenye seli moja atapona wapi?

Ndo maana kabla ya bwawa naweka oksidesheni, yaani kuivunjavunja sumu kwa kemikali. Napenda ile ya Fenton, Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1894: unashusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) mpaka 3 hivi, unatia feras salfeti, yaani chumvi ya chuma, halafu haidrojeni peroksaidi kidogokidogo (ukimwaga yote kwa mpigo povu linakufuata mpaka kwenye viatu, usiniulize nimejuaje). Chuma na peroksaidi vinazaa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye njaa ya kushambulia, hazikai hata sekunde ila hazichagui, zinapasua ile pete ya fenoli zinabaki asidi ndogondogo ambazo bakteria anakula vizuri tu.

Sasa pa kuwa makini ni hapa katikati. Nilijaribu kwenye jagi mbele ya bosi, baada ya dakika chache maji yakawa meusi kama chai ya rangi iliyolala, akashtuka, "Mbona umeyachafua zaidi?" Na kwa kiasi fulani alikuwa sahihi! Fenoli ikianza kuvunjika inapitia kwenye kwinoni, kemikali za katikati zenye rangi, na mojawapo, benzokwinoni, ni sumu kuliko fenoli yenyewe, kwa hiyo anayebania peroksaidi akaishia hapo bora asingeanza. Tukaongeza, tukasubiri, rangi ikafifia.

Ila pia usitake kumaliza kila kitu kwa kemikali, utafilisika, bakteria wanataka hewa tu. Mi nafuatilia BOD (uchafu ambao bakteria wanaweza kula) kwa COD (uchafu wote unaoweza kuvunjwa kwa kemikali), uwiano ukifika kama 0.4 nasimama, natia chokaa mpaka pH 8 hivi, chuma kinashuka chini kama tope la kutu. Peroksaidi hakikisha imeisha, maana inaua bakteria halafu inadanganya kipimo cha COD, kinasoma juu ukadhani hujafanya kitu.

Bosi akauliza si tuweke klorini tu, ni rahisi. Kwenye fenoli? Hapana jamani, unapata klorofenoli, kali zaidi na harufu yake haivumiliki.

Tumekubaliana tuanze na tangi dogo, lile tope la kutu likaushwe pembeni lisiende mikoroshoni, na bakteria wapya wasubiri kwanza mpaka wachache wa majaribio wakae kwenye maji ya jagi siku tatu bila kufa.