Onyo la kufurika kwa bafa kwenye draiva: kompaila inakuambia nini?

Ukikompaili draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Linux kwa make W=1, amri inayowasha maonyo ya ziada, ukiwa na GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, toleo la 7 (la 2017) au jipya zaidi, huenda ukakutana na onyo la -Wformat-overflow. Halisemi kwamba kumbukumbu imeshavurugika. Linasema maandishi yanaweza kuzidi bafa, yaani eneo la kumbukumbu ulilolitenga kuyapokea.

Chukua draiva ya kadi ya mtandao inayoipa kila foleni ya kupokea data jina:

char jina[16];
sprintf(jina, "%s-rx-%d", dev->name, i);

Linux hutenga baiti 16 kwa dev->name: herufi 15, pamoja na baiti ya sifuri ya kufungia. "-rx-" inaongeza 4. Halafu kuna i, namba ya foleni. Wewe unajua kadi ina foleni 8. Kompaila inaona int (namba kamili) tu, na int inaweza kuwa -2147483648, herufi 11. Ukijumlisha na sifuri ya mwisho unapata baiti 31. Zinazozidi huandikwa juu ya data jirani, na kwa kuwa tuko ndani ya keneli (kiini cha mfumo wa Linux), mashine nzima inaweza kuanguka.

Wengi huacha sprintf, isiyojua ukubwa wa bafa, na kukimbilia snprintf, inayopewa ukubwa huo, wakidhani wamemaliza. Snprintf haifuriki, ila inakata. Jina kama enx001122334455 lina herufi 15 kamili, kwa hiyo "-rx-0" na "-rx-1" zote zinapotea, na foleni zote zinabaki na jina moja. Hapo ndipo onyo la pili, -Wformat-truncation, linapojitokeza, na lina haki.

Mimi huanza na aina ya kigeu. Ukiifanya i kuwa u8 (namba isiyo hasi ya biti 8), tarakimu haziwezi kuzidi 3, jumla inashuka hadi baiti 23. Tenga 24 na maonyo yote mawili yanaondoka kwa sababu ya kweli, si kwa kuzibwa mdomo.

Jihadhari pia na jibu la snprintf: hurudisha urefu ambao ungehitajika, si ulioandikwa. Ukilitumia kujua pa kuendelea kuandika, unaweza kuruka nje ya bafa. Keneli ina scnprintf kwa kazi hiyo: hurudisha urefu ulioandikwa kweli. Na kwa kunakili maandishi tumia strscpy, kwa sababu strncpy haihakikishi kwamba ile sifuri ya mwisho itakuwepo.