Kuambatisha chanzo si kuunganisha maktaba

Wiki hii nimelisikia tena swali hili: "Nimeambatisha sosi ya maktaba, nimebadili mstari mmoja, mbona programu ni ileile?" Ni ileile kwa sababu ulichobadili sicho kinachoendeshwa.

Kwa haraka: maktaba ya lugha ya Java, yaani furushi la kodi ya wengine unalopakua ulitumie kwenye programu yako, tuseme commons-lang3-3.12.0.jar (jar ndilo furushi lenyewe), imebeba faili za .class zilizokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka maandishi kuwa umbo la kompyuta. Kompyuta inazisoma, wewe huzisomi. Pembeni yake kuna commons-lang3-3.12.0-sources.jar, yenye sosi, yaani chanzo: maandishi ya Java yaliyozizaa. Kuambatisha ni kuiambia programu unayoandikia kodi, kama Eclipse au IntelliJ IDEA, kwamba debaga (chombo cha kufuatilia programu mstari kwa mstari) ikiingia ndani ya maktaba, ikufungulie maandishi haya. Usipoambatisha, Eclipse itakulalamikia kwamba chanzo hakipo, na IntelliJ itakufumulia .class ikupe kitu kinachosomeka nusunusu, maelezo ya waandishi yote yametoweka.

Neno lenyewe limeshasema. Kuambata ni kunata. Kilichonata unakibandua, na kile kilichonatiwa kinabaki kilivyokuwa. Kuunganisha kumetoka kwenye kuunga: seremala akishaunga mbao, ukitoa moja meza imekufa. Maktaba huunganishwa na mradi. Itoe, uone kama utakompaili. Chanzo huambatishwa, kitoe, programu itaendelea kama jana. Ila neno chanzo, nakubali, linapotosha. Limetokana na kuanza, na ukitia rangi kwenye chanzo cha mto, walioko chini watayaona maji yamegeuka. Hapa hawaoni kitu, mpaka ukompaili upya.

Halafu kuna wanaoambatisha toleo lolote walilolikuta. Faili ya .class haibebi maandishi, inabeba namba za mistari tu. Debaga ikiambiwa mstari wa 412, Eclipse au IntelliJ inafungua mstari wa 412 wa chochote ulichoipa. Jar ni ya 3.12.0, sosi ni ya 3.14.0, basi mshale unasimama katikati ya maelezo au kwenye mabano ya kufungia, na mtu anaapa kwamba Java imerukwa na akili. Anayetumia Maven, chombo cha kujengea miradi ya Java, aandike mvn dependency:sources, aletewe toleo linalolingana.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hukuharibu kitu. Ulifungua chanzo ukasoma, na kazi yake ndiyo hiyo. Ukitaka mstari wako ufanye kazi, ijenge maktaba upya kutoka kwenye hayo maandishi, kisha jar yako uiweke mahali pa ile ya zamani.