Saa ya mazoezi imegoma na waranti imeisha: yanayosemwa na ukweli wake

"Haichaji, basi betri imekufa."
Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu fedha zaidi. Mara nyingi kosa liko kwenye vile vidoti vya chuma mgongoni mwa saa. Chumvi ya jasho ikichanganyika na vumbi la kiangazi cha Dodoma huganda kuwa utando unaozuia umeme kupita. Chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, sugua vidoti vya saa na pini za kebo, pitisha mswaki mkavu, uache dakika 10. Kisha chomeka kwenye chaja ya kawaida ya volti 5. Saa iliyolala miezi bila chaji inaweza kuchukua nusu saa kabla ya kuonyesha chochote, kwa hiyo usiichomoe mapema. Ikigoma bado, fundi simu yeyote wa Majengo, hapa Dodoma, aipime kebo kwa mita: nyingi hutoa volti 5 hivi kwenye pini. Isipotoa, nunua kebo, usiguse saa.

"Betri yoyote ndogo itaingia."
Betri hizi za lithiamu, volti 3.7, huandikwa vipimo vyake: 401215 ni unene wa milimita 4.0, upana 12, urefu 15. Ikizidi unene kidogo tu inasukuma kioo. Soma namba ya betri ya zamani, hesabu nyaya zake (2 au 3), na hakikisha mpya ina kisakiti cha ulinzi (kibodi kidogo kinachoizuia kuchajiwa kupita kiasi). Kioo kikianza kuinuka pembeni, betri imevimba: acha kuchaji siku hiyohiyo, wala usikibonyeze kirudi. Gharama ikifika nusu ya bei ya saa mpya, hatushauri kuikarabati.

"Imeandikwa mita 50, haiingii maji."
Kipimo hicho ni cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya. Ikishafunguliwa na kurudishiwa kioo kwa gundi ya B-7000, ichukulie kuwa haizuii maji tena.

"Iliyolowa ifukie kwenye mchele."
Mchele hauyafikii maji yaliyo ndani. Izime, usiichaji, iwahishe kwa fundi aisafishe kwa spiriti. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi, nayo huendelea kula sakiti hata maji yakikauka.

"Waranti ikiisha, hakuna wa kumdai."
Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Sheria ina yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamwekea mfanyabiashara sharti la ubora, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kumlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Betri iliyochoka baada ya miaka 2 ni uchakavu tu, hapo huna dai. Kasoro iliyokuwemo tangu dukani ni jambo jingine kabisa. Nenda kwa muuzaji na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), namba tambulishi ya saa na video ya kosa lenyewe. Risiti ipige picha siku ileile ya kununua, maana karatasi yake hufifia kwa joto. Mwandikie na mtengenezaji. Wapo wanaobadilisha kifaa au kutoa punguzo hata muda ukiwa umepita.

Kabla ya kuikabidhi kwa yeyote, iunganishe na simu ili kumbukumbu za hatua na mapigo ya moyo zihamie kwenye programu. Ukiwa unairudisha na hutaichukua tena, iondoe pia kwenye akaunti yako: saa nyingi hukataa simu mpya zikiwa bado zimefungwa kwa ya zamani.