Baiskeli iko stoo tangu Oktoba: maswali na majibu kuhusu mazoezi wakati wa baridi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza hurudisha saa nyuma, na baiskeli nyingi huingia stoo siku hiyohiyo. Ikifika tarehe 21 Desemba, jua la London linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hilo ni pigo kwa mwili na kwa moyo pia.

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa sana na Waswahili wenzangu wanaoendesha baiskeli huku. Wengi wanajiandaa kwa safari ya London hadi Brighton inayoandaliwa kila Juni na British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo. Ni kilomita 87 hivi, na kilima cha Ditchling Beacon kinakungoja karibu na mwisho, miguu ikiwa imeshachoka.

Nikikaa miezi mitatu bila mazoezi, nitapoteza kila nilichokijenga kiangazi?

Si kila kitu, ila utapoteza mapema kuliko unavyodhani. Ndani ya wiki mbili tu maji ya damu hupungua, kwa hiyo moyo unasukuma damu pungufu kwa kila pigo, na kilima ulichokuwa ukikipanda huku unapiga soga kinaanza kukuhemesha. Katika utafiti mmoja wa miaka ya 1980, wanamichezo waliozoea mazoezi makali waliambiwa waache kabisa. Baada ya wiki tatu uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7 hivi, na baada ya wiki nane kwa asilimia 16.

Miaka hiyohiyo, watafiti wengine waliuliza swali linalotuhusu zaidi: mtu akitaka tu kushikilia alichonacho, afanye mazoezi kiasi gani? Waliwafundisha watu kwa wiki 10, siku sita kwa wiki, dakika 40 kwa siku, kisha wakawapunguzia kwa wiki 15. Waliobaki na siku mbili kwa wiki hawakupoteza uwezo wao wa oksijeni. Waliokatiwa muda hadi dakika 13 kwa siku nao waliushikilia, ingawa stamina yao ya kazi ndefu ilipungua. Walioshuka ni wale waliopunguziwa ukali wa mazoezi.

Kwa hiyo punguza siku, punguza dakika, lakini ukali uache palepale. Kujenga ni kazi ya masika na kiangazi. Desemba unalinda tu, na kulinda hakuna gharama kubwa. Watu wengi hukata tamaa Novemba kwa sababu wanajipangia ratiba ya Julai.

Mfano wa zoezi moja la dakika 40: dakika 10 za kupasha mwili moto, kisha dakika nne za kupiga pedeli kwa nguvu hadi usiweze kutamka zaidi ya maneno mawili matatu kwa pumzi moja, halafu dakika tatu za taratibu. Rudia mara nne, malizia kwa kupoa. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki. Kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari, au hujawahi kufanya mazoezi makali, muone daktari wako kwanza.

Hayo nayajua, kaka. Tatizo langu ni hamu. Narudi nyumbani kiza kimeshaingia, nakaa kwenye kochi, basi.

Hili ndilo swali lenyewe. Tumezoea kuamini kwamba hamu hutangulia na tendo hufuata. Kwa mazoezi ya Januari mambo huenda kinyume: ukishaanza, dakika ya saba au ya nane, mwili umepata joto na hamu inakuja yenyewe. Ukiingoja ukiwa kwenye kochi utaingoja hadi Aprili.

Usijiahidi saa nzima. Jiahidi dakika kumi, na uwe mkweli: zikiisha na bado hutaki, shuka, hakuna deni. Mara nyingi hutashuka. Pia ondoa kila kinachokupa nafasi ya kujadiliana na nafsi yako. Kama unaendesha ndani kwa kufunga baiskeli kwenye stendi, iache imefungwa, chupa ya maji ijazwe asubuhi, nguo ziwe juu ya siti. Zoezi lifungamane na jambo unalolifanya kila siku, kwa mfano "nikivua viatu vya kazini, navaa vya baiskeli". Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakaona ilichukua wastani wa siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha, wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Ukianza Novemba, Januari bado ni ngumu, na hiyo haimaanishi umeshindwa. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa: tafuta mwenzako. Sisi tunaweza kujidanganya wenyewe mchana kutwa, lakini kumwacha mtu amesimama kwenye kona Jumamosi asubuhi, baridi inampiga, simu yako haipokelewi? Aibu hiyo inakutoa kitandani kuliko video yoyote ya kutia moyo.

Mke wangu anasema nimebadilika. Tangu Novemba nalala sana, nakula mikate na wali bila kushiba, sitaki kuonana na watu. Ni uvivu?

Huenda si uvivu hata kidogo. Kuna sonona inayokuja na majira ya baridi na kuondoka na masika. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza rasmi mwaka 1984, na dalili ulizozitaja ni za kwake hasa: usingizi mwingi, tamaa ya vyakula vya wanga, uzito kuongezeka, kujitenga. Katika jamii zetu mtu kama huyu huambiwa amelegea, au imani imempungua. Maneno hayo hayamponyi, yanamfunga mdomo tu.

Mwanga unasaidia. Hata siku yenye mawingu mazito, mwanga wa nje mchana unazidi mara kadhaa ule wa taa za ofisini. Kwa hiyo kama unaweza kuendesha mara moja tu kwa wiki ukiwa nje, iwe mchana, saa sita au saa saba, usiihifadhi kwa ajili ya jioni. Wapo pia wanaotumia taa maalumu zenye mwanga mkali wa lux 10,000, kwa nusu saa kila asubuhi. Lakini mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi asiitumie bila ushauri wa daktari. Hali hiyo ikiendelea wiki mbili mfululizo, nenda kwa daktari wako. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje miadi: piga 111, simu ya ushauri wa afya, au 999 kama ni dharura.

Na vitamini D?

Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini D ya kutosha, hata ukivua shati. NHS, huduma ya afya ya taifa, inashauri kila mtu mzima afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi hicho, na wenye ngozi nyeusi kama yetu mwaka mzima. Vidonge vyake ni bei rahisi. Usimeze vingi ukidhani ndiyo nguvu.

Natunza wazee zamu ya usiku. Nitafanya mazoezi saa ngapi?

Dada, si baada ya zamu, angalau si barabarani. Mtu aliyekesha anaendesha kama aliyelewa, na asubuhi ya baridi barabara ina barafu nyembamba isiyoonekana. Lala kwanza. Ukiamka, dakika 20 au 30 ndani ya nyumba kabla ya kwenda kazini zinatosha. Siku uliyopumzika, toka mchana.

Nikiendesha kwenye baridi kifua kinabana na nakohoa. Niache?

Hewa baridi ni kavu, na ukihema kwa nguvu inakausha njia za hewa hadi zinabana, hasa kwa mwenye pumu. Funika mdomo na pua kwa skafu nyepesi, pasha mwili moto polepole kwa dakika 15, na kama una pumu muulize daktari au muuguzi jinsi ya kutumia dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi. Kifua kikibana hivyo kila mara, zoezi kali lifanye ndani. Lakini maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya ni jambo lingine kabisa: simama, piga 999.

Ukiwa na mafua ya pua tu, endesha taratibu. Homa, au kikohozi cha kifuani, pumzika hadi vipite.

Hapa niseme neno ambalo vitabu vya baiskeli vya Wazungu havilisemi: seli mundu. Kwetu ugonjwa huu ni mwingi, na baridi, upungufu wa maji na uchovu mkubwa ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu yake. Mwenye ugonjwa huu asijipime na wenzake kwenye baridi kali. Apange mazoezi yake pamoja na kliniki yake, anywe maji hata kama hasikii kiu, na avue nguo zilizolowa mara tu anapoingia ndani.

Ramadhani imeingia wakati wa baridi. Niache mazoezi mwezi mzima?

Kwa sasa tuna bahati. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza katikati ya Februari, na saumu ya London ikawa ya saa 12 hivi mwanzoni, haitofautiani sana na ya Zanzibar. Walioshuhudia Ramadhani za Juni huku, saa 18 na zaidi, wanajua nashukuru nini.

Nyakati mbili zinafaa. Kwanza ni nusu saa ya taratibu kabla ya magharibi, ili ukimaliza tu unafuturu. Pili, kwa zoezi kali, futuru kwa tende, maji na uji, ngoja saa moja au mbili, panda baiskeli, kisha ule mlo wenyewe. Sambusa zingoje, nimejaribu kinyume chake na sikupendekezei. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Ndani au nje?

Vyovyote utakavyofanya. Ndani weka feni mbele yako, kwa sababu hakuna upepo wa kukupoza na jasho litakutoka kama uko Dar mwezi wa Februari. Tandika taulo juu ya usukani, jasho linaozesha vyuma. Nje, vaa tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito, na ya ndani isiwe ya pamba, ikilowa haikauki. Kumbuka unajitengenezea upepo: nyuzi 10 chini ya sifuri, ukienda kilomita 25 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 19 chini. Vidole huumia kwanza. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria. Barabara ikiwa na barafu, rudi ndani.

Siku moja kwa wiki weka vyuma au squat (kuchuchumaa na kusimama) za nyumbani, hasa ninyi mama zangu na dada zangu mliovuka miaka 45. Baiskeli ni nzuri kwa moyo, lakini haiipi mifupa uzito wa kuubeba, na mifupa bila mzigo hulegea.

Nianze lini kuongeza kilomita?

Saa zikisogezwa mbele, Jumapili ya mwisho ya Machi. Kutoka hapo hadi safari ya Juni una miezi miwili na nusu hivi, inatosha. Anza na safari moja ndefu kwa wiki, kilomita 30 au 40, ongeza kama 10 kila baada ya wiki mbili hadi uzoee 70. Kuhusu Ditchling Beacon, ni kama kilomita moja na nusu ya kupanda tu, barabara nyembamba imejaa watu. Wengi hushuka na kusukuma. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka mara mbili.