Mnayoniambia kuhusu Twins Seven-Seven

Nafundisha kuchora na kuchapa picha, na siku hizi wengi wanaonijia ni wanamuziki. Karibu kila mmoja huja na jina lilelile mdomoni: Twins Seven-Seven wa Nigeria, aliyeimba, akacheza ngoma, akaongoza bendi, na picha zake zikafika hadi Paris. Mfano mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni yale wanayoyabandika kwenye jina hilo.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, yule hakufundishwa na mtu. Kilikuwa kipaji tu." Anayesema hivyo mara nyingi anataka nimrushe hatua, nimpe turubai na rangi siku hiyohiyo.

Haya, tuanze. Jina lake la nyumbani ni Taiwo Olaniyi, mzaliwa wa 1944 huko Ogidi, Nigeria. Alipoingia mji wa Osogbo hakuja kama mchoraji. Alikuwa mchezaji ngoma aliyezunguka na muuza dawa, akikusanya watu kwa miguu yake ili mwenzake auze chupa. Akacheza Mbari Mbayo, klabu ya sanaa ya Duro Ladipo, mtu wa tamthilia, na Ulli Beier, msomi Mjerumani, na Beier akamshawishi abaki. Hakuna aliyejua wakati huo kama anaweza kuchora hata mbuzi. Aliyefunguliwa mlango ni mchezaji.

Mwaka 1964 akaingia kwenye warsha ya mchoraji Georgina Beier. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Wanasikia kwamba warsha ilikuwa ya siku chache, wanahitimisha kwamba mtu alijua kila kitu kwa siku chache. Warsha iliisha, mafunzo hayakuisha. Georgina aliendelea na wachache, akitazama mkono wa kila mmoja unaelekea wapi. Mkono wa Twins ulikuwa wa mstari, akapewa kazi za wino na uchapaji wa bamba.

Sasa wewe unayesema hakufundishwa, niambie kazi ya bamba inakwendaje. Unalipaka bamba la chuma tabaka la kuzuia asidi. Unachora kwa sindano ukikwangua tabaka hilo. Unalitia kwenye asidi, asidi inakula pale tu ulipokwangua. Unasafisha, unapaka wino, unaufuta hadi ubaki ndani ya mifereji peke yake, kisha unalibana bamba kwenye karatasi iliyoloweshwa. Picha inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Hakuna binadamu aliyezaliwa anajua bamba likae kwenye asidi dakika ngapi. Mtu alimwonyesha, akaharibu, akarudia.

Tazama picha zake za wino kwa karibu, usitazame kwenye simu. Kiumbe mmoja amebeba viumbe wengine, na hakuna ngozi iliyoachwa tupu: magamba, duara ndogondogo, vistari vilivyopangwa kama meno, hadi ukingoni. Baadaye akahamia kwenye plaiwudi, anakata maumbo, anayagandisha tabaka juu ya tabaka, kisha anayatia wino na rangi. Ni mstari uleule, safari hii una unene. Kazi hiyo ni ya miaka.

Kutosoma chuo ni jambo moja, kutofundishwa ni jambo jingine kabisa. Hata Tingatinga, mchoraji wetu, anasingiziwa vivyo hivyo, wakati vijana waliomrithi baada ya kifo chake 1972 walikuwa wamejifunzia ubavuni kwake. Ndiyo maana darasani kwangu mwanamuziki hagusi rangi mwanzoni. Kalamu nyeusi na karatasi, basi. Wananung'unika, na nitaendelea kuwaacha wanung'unike, kwa sababu rangi ni mahali pazuri sana pa kuficha mstari mbovu.

Wapo wanaosema muziki ulimshinda ndipo akakimbilia picha. Si kweli. Alikuwa na bendi, akarekodi, na uimbaji haukuisha alipopata jina kwenye uchoraji. Tena hakuwa peke yake: Muraina Oyelami wa kundi lilelile la Osogbo ni mchoraji na pia mpiga dundun, ngoma inayosema ya Wayoruba, aliyefundisha ngoma hiyo hadi chuo kikuu. Jimoh Buraimoh alikuwa fundi wa taa za jukwaani kwa Duro Ladipo, leo anajulikana kwa picha za shanga. Pale jukwaa na picha vilikaa nyumba moja. Kwa anayedhani hayo ni ya Nigeria tu, Es'kia Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mbari ya kwanza, klabu ya waandishi na wasanii ya Ibadan, ndiye aliyekuja kuanzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi hapo Nairobi mwaka 1963.

"Lakini ili nichukuliwe kwa uzito lazima niache muziki." Hili nalisikia kutoka kwa waliosoma habari za Don Van Vliet, yule Mmarekani aliyejiita Captain Beefheart. Ni kweli alitoa albamu ya mwisho 1982 akabaki na uchoraji, na ni kweli watu wa biashara ya sanaa walimwambia kwamba asipoacha ataonekana daima mwanamuziki anayechorachora. Ushauri huo ulihusu soko la sanaa la ng'ambo, na yeye alikuwa na wauzaji wakubwa wanaomsubiri. Wewe nani anakusubiri? Endelea kupiga gitaa ulipe kodi.

La mwisho mnaloniambia: jina likishakuwa kubwa, picha zitajiuza. Twins Seven-Seven alikuwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1989. Miaka kadhaa baadaye, huko Philadelphia, alikuwa anafanya kazi ya kuangalia magari kwenye maegesho ya duka. Mwaka 2005 UNESCO ikamtangaza Msanii wa Amani, naye akafariki Ibadan mwaka 2011. Heshima na hela hazitembei pamoja, na mwanamuziki anayezoea kulipwa usiku uleule wa shoo huumia zaidi hapa, maana picha inaweza kukaa ukutani miaka kabla ya mtu kuuliza bei. Basi andika nyuma ya kila kazi jina, mwaka na vifaa ulivyotumia, na uwe na daftari la nani amechukua nini na kwa shilingi ngapi. Wanamuziki ni wabovu mno kwa hilo. Naletewa picha na mwenyewe hakumbuki kama ameichora kabla au baada ya kuhama bendi, halafu ananiuliza ni ya bei gani.