Toksikolojia ya kimahakama: sumu iliyoingia mwilini inajulikanaje?

Wengi wanadhani mtu akifa kwa sumu wanachukua damu kidogo, wanaweka kwenye mashine, mashine inataja jina la sumu, basi. Haiko hivo kabisa. Toksikolojia ya kimahakama ni kazi ya kutafuta pombe, dawa, madawa ya kulevya au sumu kwenye mwili wa mtu, awe amekufa au yuko hai (mfano dereva aliyesababisha ajali, au mtu anayehisi aliwekewa kitu kwenye kinywaji), kisha kupima kiasi chake, alafu kusema hicho kiasi kina maana gani, na hapo kwenye maana ndo kazi ilipo.

Kila kitu kinaanzia kwenye sampuli. Mtu akishakufa, dawa zilizokuwa zimejikusanya kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo zinaanza kuvujia kwenye damu iliyo karibu, kwa hiyo ukichota damu ya moyoni unaweza kukuta kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho akiwa hai, ukasema kajiua kwa vidonge kumbe marehemu alikuwa anameza dozi yake ya kawaida. Digoksini, dawa ya moyo, inasifika kwa hilo. Ndo maana wanapendelea damu ya mshipa wa paja. Wanachukua na mkojo, kipande cha ini, vilivyomo tumboni, na maji ya ndani ya jicho. Jicho linasaidia sana kwenye pombe, maana maiti ikianza kuoza bakteria wenyewe wanatengeneza pombe kwenye damu, ila jichoni wanachelewa kufika. Damu ikionyesha pombe na jicho halina kitu, lazima ujiulize.

Kwenye kupima, kwanza ni kipimo cha haraka cha antibodi (protini zinazonasa kitu fulani), kinachosema tu labda kuna dawa ya kundi fulani. Hiki kinadanganyika, kuna dawa za mafua zinaweza kuonekana kama amfetamini, yaani dawa ya kulevya ya kuchangamsha, kwa hiyo jibu lake peke yake halitoshi kumfunga mtu. Kinachothibitisha ni kromatografia, inayotenganisha vitu vilivyochanganyika, ikiunganishwa na spektrometa ya masi inayovunja molekuli na kupima vile vipande, na mpangilio wa vipande ni kama alama za vidole za hiyo dawa. Metali, pamoja na sumu kama aseniki, zina mashine zake.

Sasa mwili nao haukai na dawa kama ilivyoingia. Heroini inadumu dakika chache tu kwenye damu, inageuka kitu kinaitwa 6-monoasetilimofini, kisha mofini, dawa kali ya maumivu. Ukikuta mofini tu huwezi kusema mtu alitumia heroini, mofini inatolewa hospitali na hata kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, inageuka mofini. Ukikuta ile ya katikati, hapo heroini imepita.

Nywele ndo zinatunza historia ndefu. Zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, wanazikata vipande vipande kuanzia kwenye ngozi, unaona mtu alianza kupewa sumu lini na kama ilikuwa mara moja au kidogo kidogo.

Ila namba haijitoshelezi. Kiwango cha mofini kinachomuua asiyezoea, mgonjwa wa saratani aliyeitumia miezi mingi anaweza kuwa nacho na bado anaongea na wewe vizuri, kwa hiyo bila kujua historia ya mtu unaweza kuharibu kesi nzima.

Na ripoti ikisema hakuna kitu haimaanishi hakukuwa na sumu, maabara inaona kile ilichokitafuta. Insulini, dawa ya kisukari inayochomwa kwa sindano, haionekani kwenye vipimo vya kawaida vya dawa, mpaka mtu aombe itafutwe, tena mapema maana inaharibika haraka kwenye damu. Kwa hiyo bomba la sindano lililookotwa chini ya kitanda lisitupwe wala kuoshwa, liende maabara pamoja na damu.